Sauti Iliyogoma Kuhama Mashine

Mzee Radi hakuitwa hivyo na wazazi wake, aliitwa hivyo na soko. Siku ya mnada akipanda juu ya meza yake, shati la mtumba mkononi, hata watu waliokuwa upande wa pili wakichagua vitunguu waliviacha vitunguu wakageuka kutazama. Kipaza sauti hakukitaka. Alisema hicho ni kifaa cha watu waliozaliwa na koo la kuazima. Alikuwa na uwezo wa kukuuzia koti zito jua likiwa utosini, ukafika nalo nyumbani, mwenzio akakuuliza umepatwa na nini, ukabaki unamtolea macho tu. Makoti ya namna hiyo yamejaa mtaani kwao mpaka leo.

Binti yake wanamwita Mama Kopi, na ukifika dukani kwake huulizi kwa nini. Mlango mmoja, printa mbili, mashine ya kopi inayokohoa kabla ya kuanza kazi, na kaunta iliyochubuka rangi pale wateja wanapoegemeza viwiko. Hapo huchapa barua za kuomba kazi, hutoa kopi za vyeti, huwasaidia wazee waliosahau namba za siri za simu zao. Wateja wakipungua, huvuta kiti karibu na kompyuta yake akaandika programu. Hakusomea. Alianza kwa udadisi tu, akajifunza mtandaoni kwa kuwauliza watu asiowajua, akauliza na kuuliza mpaka siku moja akajikuta na yeye anajibu.

Programu yake inaitwa Kinywa. Aliitunga kwa ajili ya fundi cherehani wa jirani, mama mmoja asiyeweza kusema, aliyekuwa akija dukani kuonyesha kwa vidole mpaka wote wawili wanachoka. Kinywa ni kitu rahisi. Mtu mmoja anarekodi maneno, kisha yule asiyeweza kusema anagusa picha na simu inasema kwa niaba yake. Dada yake fundi ndiye aliyejitolea kutoa sauti. Siku ya kwanza fundi aligusa picha, simu ikamwambia mteja, "Hiyo nguo yako bado, na usinisumbue!" Duka zima likavunjika mbavu.

Kisha Mama Kopi akaiweka Kinywa mtandaoni iwe programu huria. Maana yake ni hivi: maandishi yote yaliyoiunda yako wazi, yeyote anaweza kuyachukua, akayafungua, akayarekebisha, na akipenda akamrudishia mwenyewe marekebisho yake. Mama yake mzazi alipoelezwa alishika kiuno.

"Yaani umepika, ukaacha mlango wazi, ukaenda zako?"

"Ndiyo, mama. Na watu wanaingia wanaongeza chumvi."

"Wanalipwa na nani?"

"Hawalipwi."

"Basi ni wendawazimu hao," mama akasema, akarudi kwenye maharage yake.

Huenda alikuwa na haki. Kompyuta, kama hujui, zina koo zake kama watu. Programu iliyolelewa ukoo huu ukiipeleka ukoo ule inakuwa mgeni kabisa: vitu haviko pale ilipovizoea, majina yamebadilika, inapapasa, inakwama. Lazima mtu akae chini aifundishe. Muuguzi mmoja wa ng'ambo aliifundisha Kinywa kukaa kwenye simu, kwa ajili ya wagonjwa wake. Mwalimu fulani akaifundisha kukaa kwenye kompyuta kuukuu za darasani kwake. Na akatokea mtu anayejiita Kobe.

Kobe alikuwa na banda nyuma ya nyumba yake, limejaa kompyuta za zamani za ukoo ambao viwanda vilishaacha kuutengeneza. Akaandika kwa Kiingereza, lugha ya wote mtandaoni humo, na kwa adabu zake zote, kwamba ameifanya Kinywa ifanye kazi kwenye hizo pia. Mama Kopi alicheka mpaka machozi. Nani duniani atasemea kwenye lidude kama hilo? Lakini mtu ametoa jasho lake, huwezi kumfungia mlango. Akayapokea marekebisho, akaandika, "Asante Kobe, karibu," akasahau.

Halafu koo la Mzee Radi likaanza kukwaruza.

Walidhani ni mafua. Wakadhani ni vumbi la soko. Daktari alipoangalia hakuzunguka mbuyu: kuna uvimbe kwenye kikoromeo, kile kisanduku cha sauti kooni, na kisanduku chenyewe lazima kitolewe. Mzee ataishi, atakula, atatembea. Kusema, basi tena. Mzee mwenyewe akauliza, kwa kile kilichokuwa kimebaki cha radi, "Na mnada je?" Daktari akatazama kalamu yake.

Mama Kopi akajikaza. Baba yake hatasema kwa sauti ya dada wa fundi wala ya mtu mwingine yeyote. Atasema kwa sauti yake, na irekodiwe upesi kabla haijaisha. Bahati ikawa upande wake: studio moja ya muziki mtaa wa pili ilikuwa imefungwa, vitu vyake vinatolewa, na miongoni mwavyo kulikuwa na kompyuta kubwa ya kijivu, nzito kama mfuko wa saruji, yenye masikio ya ajabu. Ilinasa sauti safi hata mtu akimeza mate unamsikia. Mama Kopi akainama kusoma maandishi ya ubavuni. Akayasoma tena. Ilikuwa ya ukoo uleule wa banda la Kobe.

Akaichukua hadi dukani, akaipachika Kinywa ndani yake. Ikaamka bila mgogoro wowote, kama imerudi kwao. Lile jambo alilolicheka lilikuwa limetangulia kumsubiri. Alisimama pale anaitazama, mkono mdomoni, akamwomba radhi kimoyomoyo mtu ambaye hajawahi kumwona sura.

Wakarekodi kwenye stoo nyuma ya duka, blanketi zimetundikwa ukutani ili mwangwi usiingilie. Maji. Njaa. Ndiyo. Hapana. Naumwa. Nimeshiba. Mzee alilalamika kuanzia mwanzo hadi mwisho.

"Mbona hakuna mpumbavu?"

"Baba!"

"Nikikutana na mpumbavu nitamwambiaje? Nimshike mkono nimpeleke kwako?"

Wakarekodi mpumbavu. Alilitamka neno hilo kwa raha hata mteja aliyekuwa nje kwenye kaunta akageuka kutazama nyuma yake. Alasiri moja wino uliisha, Mama Kopi akatoka kununua, akamwacha baba yake stoo peke yake na maikrofoni. Aliporudi alimkuta mzee amekunja mikono, ametulia, uso kama mtoto aliyekula sukari. "Twende nyumbani," akasema. "Nimechoka na mashine zako."

Upasuaji ulikwenda salama. Mzee Radi alirudi na kitundu shingoni na kitambaa safi juu yake, na nyumba ikawa kimya. Mama, ambaye maisha yake yote ya ndoa alimwomba yule mwanamume apunguze makelele, sasa alikuwa akiangusha sufuria makusudi. "Nyumba imekuwa kubwa," alisema. "Sikujua kama ina pembe nyingi hivi."

Mzee akiwa bado hospitalini, umeme ulikuwa umekatika na kurudi kwa kishindo, ile kompyuta ya kijivu ikatoa moshi ikafa. Mama Kopi hakushtuka sana. Fundi wa kompyuta aliichomoa diski yake, na sauti zote zilikuwemo, hata moja haikupotea. Akazihamishia kwenye simu mpya, akaipanga vizuri picha kwa picha, akaja nayo nyumbani kwa furaha. Akaiweka mbele ya baba yake. "Gusa, baba. Gusa maji."

Mzee akagusa.

Ilitoka kelele. Mkwaruzo mkali, kama mvua ya mawe kwenye bati, bila neno lolote ndani yake. Akagusa njaa. Mawe. Akagusa ndiyo, akagusa hapana, akagusa hata mpumbavu. Mawe matupu. Mama akaziba masikio. Mzee Radi aliisikiliza ile simu hadi mwisho, akailaza kifudifudi mezani taratibu kama mtu anayemfunika aliyelala. Kisha akachukua moja ya karatasi za kopi zilizoharibika, alizokuwa akiletewa kutoka dukani ziwe za kuandikia, akaandika nyuma yake: Huyu si mimi.

Hakwenda tena sokoni hata kutembea tu. Wenzake walikuja kumwita, akageukia ukuta. Chakula alikula kidogo ili mke wake asilie. Na Mama Kopi aliyaona yote hayo, akajua wazi uzito uliokuwa mkononi mwake: koo lilishakatwa. Hakuna wa kumwambia arudie. Kama sauti zile zimeharibika, basi Mzee Radi amezimika mara mbili, na mara ya pili aliyemzima ni binti yake.

Alimlaumu fundi wa diski. Aliulaumu umeme. Alijilaumu mwenyewe mpaka akaishiwa maneno. Asubuhi moja, kabla hajafungua duka, alipiga moyo konde akaandika kwenye ukurasa wa Kinywa, mbele ya wale wendawazimu wote, kwamba sauti za baba yake zimegeuka kelele na hajui afanye nini. Wangehitaji faili moja la kuchunguza. Hakutaka kuwapa watu asiowajua maneno ya baba yake ya kuumwa na kushiba, kwa hiyo akachagua lile kubwa kuliko yote, ambalo hakukumbuka kulirekodi. Alidhani ni takataka tu, maikrofoni iliyosahauliwa ikiwa wazi. Akalituma hilo.

Muuguzi alijibu kwanza, akampa pole. Mwalimu akauliza kama diski ilianguka. Kobe akauliza swali moja tu: "Ulirekodi kwenye mashine gani?"

Mama Kopi akamtajia. Kobe akalichunguza lile faili kutwa nzima. Kisha ukaja ujumbe mrefu, na mwanzo wake ulikuwa huu: "Basi kosa ni langu, dada. Na sauti ya baba yako haijaharibika hata chembe."

Alisoma pale. Akasoma tena. Mteja alikuwa anamwambia kitu kuhusu kopi za pande mbili, hakumsikia. Hata chembe.

Kobe alieleza hivi. Kompyuta haihifadhi sauti, inahifadhi namba, maelfu kwa maelfu, na kila namba ina vipande viwili, kikubwa na kidogo. Ukoo ule wa zamani huandika kikubwa kwanza. Simu na kompyuta za siku hizi huandika kidogo kwanza. Kinywa ilikuwa inaandika tu kwa desturi ya mwenyeji wake, bila kuacha alama yoyote ya kusema niliandika vipi. Ni kama mtu aliyevalishwa viatu vyake mwenyewe, cha kulia mguu wa kushoto na cha kushoto mguu wa kulia. Viatu ni vyake, miguu ni yake, ila kutembea hawezi. "Mimi nilirekodi kwenye mashine yangu, nikasikiliza kwenye mashine hiyohiyo, nikaona inafanya kazi, nikaridhika," aliandika Kobe. "Sikuwaza kwamba sauti inaweza kuzaliwa kwenye mashine moja ikaenda kuishi kwenye nyingine."

Mama Kopi aliinua kichwa akayatazama mambo ya dukani kwake, printa, feni, rundo la karatasi, na yote yalionekana mapya. Sauti ya baba yake ilikuwemo. Ndani ya ile mvua ya mawe, siku zote hizo, alikuwa amekaa mzima, anasema maji, anasema njaa, ila kila namba imevaa viatu kinyume.

Alitaka kugeuza vile vipande saa hiyohiyo. Kobe akamzuia. Huenda wako wengine, alisema, wenye sauti kama hizo, nasi hatuwajui. Tuifundishe Kinywa yenyewe. Lakini itatambuaje faili lipi la kugeuza, wakati hayana alama? Ukiligeuza lililo sawa, nalo unaliua. Hapo wakaanza kubishana, watu wa pembe zote za dunia, kwa adabu, na mara nyingine bila adabu. Muuguzi ndiye aliyeleta ufumbuzi. Sauti ya mtu, alisema, hupanda na kushuka kwa mwendo, hairuki kama panzi. Basi Kinywa ilisome faili kwa njia zote mbili, na ile njia yenye mwendo wa taratibu, hapo ndipo penye mtu.

Hapo ndipo penye mtu! Mama Kopi aliirudia sentensi hiyo kwa sauti, peke yake, kwenye kaunta.

Kazi ilipokwisha, ikaja saa ya kujaribiwa. Kinywa ina ukurasa wenye taa ndogo, kila ukoo wa kompyuta na taa yake. Marekebisho yakiingia, mashine zilizotawanyika huko duniani huyajaribu zenyewe, moja baada ya nyingine, na taa huwaka nyekundu au kijani. Mchana ule Mama Kopi alisimama mbele ya ukurasa huo bila kukaa. Ya kompyuta za dukani ikawaka kijani. Ya simu, kijani. Ya kompyuta za darasani ikasuasua, ikampandisha presha, kijani. Zikaendelea hivyo, za koo asizowahi kuzigusa, kwenye vyumba asivyowahi kuviona, zote zinaulizwa swali moja kuhusu sauti ya dalali wa mitumba, na zote zinajibu ndiyo. Ya mwisho ilikuwa ya banda la Kobe. Mama Kopi alimwona akilini, mtu asiye na sura, amekaa kati ya mashine zake zinazonguruma, anasubiri kama yeye.

Kijani.

"Mama Kopi, unalia?" mteja aliuliza.

"Niache," akajibu. "Leo kopi zako bure, niache tu."

Simu ikalia mkononi. Kobe alikuwa amemrudishia lile faili moja, limenyooshwa, pamoja na ujumbe mfupi. "Nimelisikiliza ili kuhakikisha. Samahani, sikuweza kuacha, nimelisikiliza mara nyingi. Sijui lugha yenu hata neno moja. Lakini huyu mtu anauza kitu, na mimi nataka kukinunua. Anauza nini?"

Mama Kopi hakuelewa. Anauza? Alifunga duka mchana kweupe, jambo ambalo majirani walilizungumzia kwa siku kadhaa, akaenda nyumbani karibu anakimbia. Mzee alikuwa mezani, uso ukutani. Mama alikuwa na maharage yake. Mama Kopi hakusema kitu, aliiweka simu katikati ya meza, akagusa.

"Haya, haya, haya! Sogea, sogea, usiogope! Leo sina shati, leo sina koti. Leo nimeleta sauti!"

Sinia ya maharage ikamponyoka mama. Nyumba ile yenye pembe nyingi ilijaa mpaka kwenye dari.

"Sauti ya mwenyewe mmoja tu, haijaazimwa, haijaguswa na panya! Ukimwita nayo mtoto yuko mji wa pili, anakuja! Ukimwita mke, haji, lakini amesikia!" Mama akacheka huku machozi yanamtoka. "Nani anaichukua? Wewe wa kofia? Hapana, wewe utaifua kwa maji ya moto. Wewe mama wa mwavuli? Mbona kimya? Jamani, mali hii ikiondoka hairudi!"

Hapo akanyamaza. Kiti kikasikika kikilia. Ile mashine ya kijivu ilikuwa imenasa hata pumzi yake, nzito, yenye mkwaruzo ndani. Alipoanza tena alikuwa ameshusha sauti, kama mtu aliyeshuka kutoka juu ya meza.

"Ngoja. Namwona mmoja kule nyuma. Yule binti wa mashine. Hajataja bei yule, lakini siku zote hizi ananifuata nyumanyuma, baba rudia, baba sema tena. Mimi nimeuza miaka mingi, mnunuzi namjua kwa macho. Mpeni huyo. Sitaki hela yake. Mfungieni vizuri tu, isije ikamwagika njiani."

Kwenye mnada Mzee Radi hakuwa na nyundo, alikuwa na viganja. Mali ikipata mtu aliinua mikono juu ya kichwa na kuipiga mara moja. Mama Kopi alimtazama baba yake aliyekuwa ameshageuka kutoka ukutani, akaona mikono ile inainuka, pole pole, yenyewe. Viganja vya kwenye simu na viganja vya mezani vikagongana pamoja, pa!

"Imeuzwa!" ikasema simu.

Mama alikuwa amemshika mumewe begani. Mama Kopi alikuwa amejiinamia juu ya meza akilia, na mzee alimpapasa kichwani kama alivyomfanyia alipokuwa mdogo. Baada ya muda binti alijifuta uso kwa kiganja, akakumbuka kwamba kuna mtu bandani kwake huko mbali anasubiri jibu.

"Baba," alisema, "huyu aliyekufungua anauliza unauza nini. Anasema anataka kununua."

Mzee Radi aliwaza kidogo. Kisha akavuta karatasi, akaandika kwa herufi kubwa, akaisukuma upande wa binti yake.

Mwambie amechelewa.